Ujuzi Hauzeeki, Bei Huzeeka

Siku ya soko katika vilima vya Kalama, iwe ni soko la Kola au la Kyangala, utakutana na akina mama wanaotembea huku wanasuka. Kiondo kiko kwapani, kamba za katani zimening'inia, miguu inafuata njia na vidole vinaendelea na kazi yao. Kwa Kikamba ni kyondo, na vikiwa vingi ni syondo. Msichana hujifunza kwa mama au nyanya, kidogo kidogo, bila karo na bila cheti. Akifika miaka ishirini, ana ujuzi ambao mtu wa mjini hawezi kuupata kwa kozi ya miezi mitatu.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, na walisema kweli. Kinachozeeka ni bei.

Kila serikali iliyowahi kuitawala Machakos, ya mkoloni na ya Uhuru, imekuwa na jibu lile lile kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mikono: afunzwe. Apewe kozi, apewe cheti, mapato yatapanda. Ni jibu zuri, na si la uongo. Lakini ni nusu ya jibu. Nusu ya pili iko mlangoni mwa soko: nani anaruhusiwa kuingiza nini nchini, kwa ushuru gani, na nani anasimama katikati ya fundi na mnunuzi. Historia ya Kalama na majirani zake inaonyesha kwamba nusu hii ya pili ikisahaulika, ile ya kwanza haimfikishi fundi mbali.

Tuanze na hesabu ndogo. Hii ni ya mfano tu, si takwimu ya mtu yeyote. Mama anasuka kiondo kwa siku 10. Broka anakinunua kwa shilingi 1,000. Kamba na rangi zimekula 300, nauli 100. Zinabaki 600, yaani shilingi 60 kwa siku. Sasa mradi unakuja, anafunzwa mbinu ya kusuka haraka, na kiondo kinaisha kwa siku 8. Bei ikibaki pale pale, anapata 75 kwa siku. Safi. Lakini kozi ile ile imewafunza wanawake wengine wengi, vyondo vimejaa sokoni, na broka anajua hivyo. Anashusha bei hadi 800. Toa 400 za gharama, gawa kwa siku 8: shilingi 50. Mama ana ujuzi zaidi, anafanya kazi kwa kasi zaidi, na anapata kidogo kuliko alivyopata kabla ya kufunzwa.

Hakuna aliyemwibia. Ni soko tu, bana. Ila soko halikushuka kutoka mbinguni. Watu hulitengeneza, na Ukambani wamekuwa wakilitengeneza kwa muda mrefu.

Mwaka 1938, serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Hilo si hadithi. Lakini mwaka huo huo kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig's kilikuwa kinaanzishwa Athi River, na kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Mifugo ikachukuliwa kwa nguvu na kupigwa mnada. Watu wa Machakos wakatembea hadi Nairobi na kupiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini unyakuzi wa mifugo ulisitishwa. Waliotembea hawakuwa wanapinga biashara. Walikuwa wanajua kuuza ng'ombe tangu zamani. Walichokataa ni kulazimishwa kumuuzia mnunuzi mmoja, kwa bei ambayo si wao walioipanga.

Upande wa mafunzo, mkoloni alikuwa amefungua chuo cha ufundi Kabete mwaka 1924, kikiitwa bohari ya kuwafunza Waafrika kazi za viwanda. Vijana walifundishwa useremala, uashi na uhunzi. Walihitimu wakiwa mafundi kweli, kisha wakakutana na mishahara iliyopangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Fundi wa Kiafrika angeweza kujenga ukuta ulionyooka sawasawa na wa mwenzake, na bado bahasha zao zisilingane. Kabete iliongeza ujuzi. Kanuni ya nani alipwe nini haikuandikwa Kabete.

Mfano wa kinyume haukutoka chuoni kabisa. Ulitoka Wamunyu, upande wa mashariki wa Machakos. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mtu mmoja wa huko aliyeitwa Mutisya Munge alichukuliwa vitani na kufika Tanganyika. Akiwa huko aliwaona mafundi wa Kizaramo wakichonga sanamu, akajifunza. Aliporudi nyumbani aliendelea kuchonga, akawafunza jamaa zake, na majirani wakafuata. Kufikia Vita vya Pili, wachongaji wa Kikamba walikuwa na wateja wapya: wanajeshi wa kigeni, kisha watalii. Katika miaka ya 1960 wakaunda vyama vya ushirika, Wamunyu kwenyewe na Changamwe, Mombasa, wakawa wanauza kwa pamoja chini ya paa moja.

Kilichowainua wachongaji hao hakikuwa ujuzi peke yake. Ujuzi ulikuja pamoja na mnunuzi mpya, na baadaye pamoja na chama ambacho kingeweza kukataa bei mbaya. Ushirika haukumaliza matatizo yao, lakini kwa miaka mingi fundi hakusimama peke yake mbele ya mwenye pesa.

Baada ya Uhuru, shule zilijaa na kazi hazikutosha. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza swali ambalo kila mzazi wa Kenya bado analiuliza: baada ya shule, nini? Jibu lao lilikuwa politekiniki za vijiji, vyuo vidogo vya bei nafuu ambako kijana aliyemaliza shule ya msingi angejifunza uashi, useremala au ushonaji bila kukimbilia mjini. Wazo lilienea haraka na serikali ikaliunga mkono. Vyuo hivyo vimebadilishwa majina mara kadhaa, na leo viko chini ya serikali za kaunti kama vituo vya mafunzo ya ufundi.

Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya na kuandika ripoti iliyoipa dunia msamiati mpya: sekta isiyo rasmi. Walichosema kilikuwa cha ajabu kwa wakati ule. Mafundi wa kando ya barabara si wavivu wala si wahalifu; kazi yao ina tija na faida, na serikali iache kuwabomolea vibanda. Kwa maneno mengine, tatizo la fundi halikuwa kwamba hajui kazi. Lilikuwa jinsi anavyotendewa.

Miaka hiyo, fundi wa nguo katika soko dogo la Ukambani alikuwa na kitu ambacho huenda hakukiona kama sera: ukuta. Serikali ilizuia nguo nyingi za nje kwa leseni na ushuru mkubwa. Vitambaa vilitoka kwenye viwanda vya hapa, kama Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret. Ukitaka suruali, ulinunua kitambaa na kwenda kwa fundi. Msichana aliyesomea ushonaji alikuta wateja wanamsubiri. Nguo ilikuwa ghali, ndiyo, na chaguo lilikuwa dogo. Lakini cherehani moja verandani kwa duka iliweza kulipa karo.

Na kiondo? Katika miaka ya 1970 na 1980 kilipendwa ng'ambo. Wanawake wa mjini Ulaya na Marekani walikibeba kama mkoba wa kisasa, na vikundi vya akina mama Ukambani vikasuka usiku na mchana. Mila ya mwethya, yaani kufanya kazi kwa zamu katika kikundi, ambayo kizazi kilichotangulia kiliitumia kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, ikapata kazi mpya. Pesa za vyondo zilinunua mabati na kusomesha watoto.

Kisha soko likapoa. Mitaani kuna hadithi inayopendwa sana, kwamba Wajapani walikwenda wakaandikisha hataza ya kiondo na kutunyang'anya. Ni hadithi tamu kwa sababu ina mwizi. Lakini hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, si kwa kikapu ambacho dunia nzima imekwisha kukiona. Kilichotokea ni cha kawaida zaidi, na ndiyo maana kinauma zaidi: viwanda vya Mashariki ya Mbali viliiga mtindo, vikatoa mikoba ya kufanana kwa wingi na kwa bei ya chini, na mitindo yenyewe ikabadilika. Mama wa Kalama hakupoteza ujuzi wake hata chembe. Alipoteza mnunuzi.

Wakati huo huo serikali ilikuwa inazidi kusifu kazi ya mikono. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, uliingiza useremala, ushonaji na ufundi mwingine ndani ya shule, na wazazi wakanunua misumeno na vitambaa. Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanaofua mabati juani, na jina lao la mtaani, jua kali, likaingia kwenye hotuba, kwenye wizara, na mwaka 1992 kwenye waraka rasmi wa bunge kuhusu biashara ndogo.

Sasa angalia kilichokuwa kinaendelea upande wa pili. Miaka hiyo hiyo, kwa shinikizo la Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, Kenya ilikuwa inabomoa ule ukuta. Leseni za kuagiza bidhaa ziliondolewa, na mwaka 1993 udhibiti wa fedha za kigeni ukalegezwa. Mitumba, ambayo awali ilibanwa sana, ikaingia kwa marobota. Gikomba ikafurika, na kutoka Gikomba ikasambaa hadi soko la mwisho kijijini. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, Kicomi na Rivatex zilikuwa zimefungwa.

Kwa hiyo serikali ile ile, katika muongo ule ule, ilimfundisha msichana kushona kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikafungulia shati lililokwisha kushonwa ng'ambo, likavaliwa, likatolewa sadaka, na sasa linauzwa kwa bei ambayo yeye hawezi hata kununulia kitambaa. Fundi wa nguo akabadilika. Akawa wa kupunguza kiuno, kufupisha mikono, kuweka zipu. Kazi moja ya maana ilimbakia, sare za shule, kwa sababu robota la mitumba haliji na rangi za shule yako.

Tusiwe wanafiki lakini. Wewe unayesoma hii kwenye simu ndani ya matatu, huenda umevaa mtumba sasa hivi. Mitumba iliwavisha watoto ambao wangekwenda uchi, na imewapa kazi maelfu ya watu wasio rasmi: wa kubeba, wa kupiga pasi, wa kuchambua, wa kuuza. Sera ya biashara haimwumizi kila mtu. Inachukua kwa huyu na kumpa yule. Shida ni kwamba aliyenyang'anywa hakuulizwa. Aliambiwa aongeze kozi nyingine.

Kozi zenyewe zilikuja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Kenya ilijaribu mpango wa vocha: fundi wa jua kali analipa sehemu ndogo ya gharama, serikali inalipa iliyobaki, naye anachagua mwenyewe wa kumfundisha. Wengi hawakwenda vyuoni. Walipeleka vocha zao kwa mafundi wazoefu, watu wenye karakana, wanaojua kazi na wanaojua mteja. Tukio hilo linafaa kukumbukwa. Walipopewa uhuru wa kuchagua, wafanyakazi wenyewe walitafuta mafunzo yaliyokaa karibu na soko.

Halafu mwaka 2000 Marekani ikapitisha sheria ya AGOA, iliyoruhusu nguo za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Katika eneo la viwanda vya kuuza nje la Athi River, vyerehani vilianza kunguruma. Wasichana kutoka Machakos yote walipanga foleni langoni asubuhi na mapema. Ushonaji ule ule ambao kijijini haukuwa na bei, ghafla ulikuwa na mshahara. Ulikuwa mdogo, mara nyingi wa kibarua, lakini ulikuwa mshahara. Hakuna aliyekuwa amepata ujuzi mpya usiku mmoja. Kilichobadilika ni karatasi iliyotiwa sahihi Washington.

Karatasi nyingine ilifuata. Tarehe 1 Januari 2005 mfumo wa dunia uliokuwa ukiiwekea China na wenzake mipaka ya kuuza nguo ulikwisha. Wanunuzi wakahamia Asia, na baadhi ya viwanda vya Kenya vikafunga. Wasichana wengine wakarudi nyumbani na ujuzi wao.

Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na suala likawa AGOA: mkitufungia mitumba, tutawafungia soko letu. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Katika mvutano huo wote, fundi wa cherehani wa Kola hakuwa na kiti mezani, ingawa bei ya mkono wake ndiyo iliyokuwa inajadiliwa.

Mwaka uliotangulia uamuzi huo wa Rwanda, Kenya ilitoa amri yake yenyewe. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku. Wengi wakasema, sasa kiondo kitarudi! Ilikuwa nafasi ya kweli. Mteja alihitaji kitu cha kubebea, na Ukambani kulikuwa na mikono iliyojua kukitengeneza. Lakini sokoni palijaa mifuko myepesi ya kiwandani, ile inayofanana na kitambaa, ya bei ya chini sana kuliko kazi ya siku 10. Mlango ulifunguliwa, akaingia aliyekuwa tayari na mzigo mkubwa.

Turudi kwenye hesabu yetu ya mfano, maana haikuwa imekwisha. Mara nyingi mama huuza kiondo kitupu. Mikanda ya ngozi, bitana na zipu huwekwa mjini, na hapo ndipo bei hupaa. Tuseme kikundi kimejifunza kuweka mikanda wenyewe, kinapeleka mzigo pamoja, na kinamuuzia mwenye duka moja kwa moja kwa 1,500. Toa 300 za kamba na rangi, 250 za mikanda, na 20 za nauli ya kuchangiana. Zinabaki 930, yaani 93 kwa siku, kwa mwendo ule ule wa zamani wa siku 10. Hapa pia kuna mafunzo. Lakini ni mafunzo yaliyofuata mnunuzi, yakafupisha safari kati ya kidole na duka. Taita walikwenda hatua nyingine: waliandikisha alama ya pamoja ya vikapu vyao, ili kikapu cha kuiga kisiuzwe kwa jina lao.

Haya yanatuhusu sisi tuliohamia Mlolongo, Kitengela na Pipeline kama yanavyowahusu waliobaki. Takwimu za serikali zenyewe zinasema zaidi ya kazi 8 katika kila 10 nchini Kenya si rasmi. Anayesuka nywele saluni, anayetengeneza simu, anayeendesha boda, anayehariri video kwa malipo ya kipande: sote tunalipwa kwa mtindo wa kiondo. Kuna sheria ya kima cha chini cha mshahara, lakini kwa mtu asiye na mwajiri mmoja, kima chake cha chini ni kile mteja wa mwisho atakachokubali jioni.

Kwa hiyo mtu akija na kozi, iwe ya kata au ya mtandaoni, usiikatae. Chukua. Ila muulize maswali ambayo politekiniki ya kijiji, 8-4-4 na semina nyingi hazikuulizwa kwa sauti. Nani atanunua, na tayari anamnunulia nani? Tukishahitimu watu mia katika wadi moja, bei itakuwa ngapi? Bidhaa gani inaingia kesho kupitia bandari ya Mombasa ambayo itafanya kazi yangu kuwa ya bure? Na tukitaka kukataa bei mbaya, tutakataa tukiwa wangapi?

Mwaka 1938 watu wa Machakos waliuliza maswali ya aina hiyo kwa miguu yao, hadi Nairobi, na unyakuzi wa mifugo yao ukasitishwa. Mafundi wa leo wana vyama, vikundi, wawakilishi wa wadi na vikao vya umma vya bajeti ambavyo Katiba ya 2010 inavidai. Mafunzo yana bajeti kila mwaka, na yana waziri wa kuyafungua kwa utepe. Ushuru wa forodha nao una bajeti yake, kila mwezi wa Juni, na siku hiyo ndiyo mama wa Kalama anapangiwa mshahara bila yeye kujua.